Walio Kati ya Nahodha na Mabaharia

Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu darasani, "Meli huongozwa na nani?" Wakajibu wote kwa sauti moja, "Nahodha!" Tukauliza tena, "Na nahodha akilala?" Darasa likanyamaza. Kisha mtoto mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hajapata kuona bahari wala ziwa, akainua mkono akasema taratibu, "Mwalimu, labda yuko mtu asiyelala mpaka nahodha aamke."

Jibu hilo tulirudi nalo nyumbani, tukalifikiri siku nyingi. Katika vitabu vya historia twasoma majina ya majemadari na manahodha. Twasoma pia hesabu ya waliokufa. Lakini yuko mtu wa tatu, ambaye si jemadari wala si askari mdogo. Hula pamoja na wadogo, naye huitwa na wakubwa. Amri ikitoka juu hupita mkononi mwake. Manung'uniko yakitoka chini hupita masikioni mwake. Habari za mtu huyo ndizo tunazotaka kuziandika hapa, tukianzia baharini, kwa sababu melini kazi yake huonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Huenda msomaji akasema, "Sisi watu wa Mdandu tuna nini na bahari? Maji yetu ni ya visima na vijito, na baridi yetu ya mwezi wa Juni haijui chumvi." Kweli. Lakini nyuma ya milima ya Livingstone liko Ziwa Nyasa, nako zilipigwa risasi za manowari kabla ya watu wengi wa nchi hii kujua kwamba vita vimeanza. Tena wako vijana wetu walioshuka kwa njia ya Makambako wakaenda pwani, wakaingia katika jeshi la majini, wakarudi wazee. Isitoshe, jambo lenyewe halikuwa geni kwa baba zetu. Mtwa hakuweza kukaa katika kila kijiji. Alikuwa na wanzagila wake, nao walichukua neno lake kwa watu na neno la watu kwake. Mwanzagila mwema alikuwa ukuta wa nchi, na mwanzagila mbaya alikuwa mchwa katika ukuta huo.

Kwanza na tutazame vyeo vya chomboni. Katika majahazi ya pwani yetu, juu ya wote ni nahodha. Chini yake yuko serahangi, mkubwa wa mabaharia, ambaye kazi yake ni kamba, tanga, nanga, na watu wenyewe. Nahodha husema, "Twendeni Pemba." Serahangi ndiye ajuaye ni nani atakayepanda mlingoti, ni nani mgonjwa asiyefaa kupandishwa, na ni kamba ipi iliyochakaa hata isiweze kuaminiwa usiku. Wahenga walisema kwamba manahodha wawili, chombo huenda mrama. Hawakusema hivyo kwa serahangi, maana walijua kwamba chombo chenye nahodha mmoja bila serahangi nacho hakifiki mbali.

Waingereza walipoleta manowari zao Unguja kuzuia biashara ya watumwa, walikuta desturi hiyo nao wakaifuata kwa namna yao. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka uliofuata manowari kuu kuu iitwayo London ikatia nanga bandarini, ikakaa huko kama nyumba ya mabaharia karibu miaka kumi. Kutoka katika meli hiyo mashua ndogo zilipelekwa Pemba na penginepo, kukaa majuma mazima zikivizia majahazi ya watumwa. Ndani ya mashua hizo walikuwamo watu weusi wa pwani, ambao Waingereza waliwaita Masidi. Baadhi yao walikuwa wamepata kuwa watumwa wenyewe, au watoto wa watumwa. Waliajiriwa Unguja wakawa wapiga makasia, wakalimani, na hasa watia makaa katika tanuru za meli, kazi ambayo katika joto la Bahari ya Sham iliwaangusha watu wengi wenye nguvu.

Juu ya Masidi hao aliwekwa mmoja wao, akaitwa tindali, jina lililotoka kwa mabaharia wa India. Tindali hakuwa afisa, wala hakuruhusiwa kuwa afisa. Lakini amri ya afisa ilifika kwa Masidi kwa kinywa chake. Yeye alijua lugha ya juu na lugha ya chini. Akitafsiri vibaya, watu waliadhibiwa kwa kosa ambalo hawakulijua. Akitafsiri vyema, kazi iliendelea bila ugomvi. Majina ya matindali hao hayasomwi mashuleni. Hata hivyo, kila jahazi la watumwa lililokamatwa lilikamatwa pia kwa mikono ya watu wao, na twapaswa kukumbuka kwamba katika vita vya kukomesha utumwa, Mwafrika hakuwa mtu wa kuokolewa tu, bali alikuwa pia miongoni mwa waokoaji.

Sasa twaja kwa watu wawili ambao majina yao hayakupotea, nao walianza kazi yao chomboni. Mwaka 1864 Dakta Livingstone alikuwa na meli ndogo ya moshi iitwayo Lady Nyassa, iliyokuwa imekusudiwa kwa Ziwa Nyasa. Aliposhindwa kuifikisha ziwani, aliamua kuivusha bahari toka Unguja hata Bombay aiuze huko. Safari hiyo ilichukua siku 45 hivi, karibu na kusi kuu, katika chombo kilichotengenezwa kwa maji ya ziwa. Kati ya mabaharia wake walikuwamo watu wa mto Zambezi, ambao hawakupata kuvuka bahari kuu kabla ya hapo. Mmoja wao alikuwa Abdullah Susi wa Shupanga. Alikuwamo pia kijana Myao, James Chuma, aliyekuwa ameokolewa katika utumwa mwaka 1861. Hao walijifunza kazi kama mabaharia wote wanavyojifunza, yaani kwa kulowa, kuogopa, na kufanya tena kesho.

Mwaka 1866 walirudi Afrika pamoja na Livingstone, wakatembea naye miaka saba. Tarehe 1 Mei, 1873, Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Basi, wasomaji, fikirini hali ya msafara ule. Bwana amekufa. Hakuna afisa wala barua ya amri. Watu ni karibu 60, wamechoka, wako mbali na pwani kwa safari ya miezi, na mzigo mkubwa kuliko yote ni maiti, kitu ambacho makabila mengi ya njiani hayakutaka kukiona kikipita katika nchi yao. Ilikuwa rahisi kugawana vitambaa na bunduki na kutawanyika. Nani angewahukumu?

Watu wakakutana, wakakubaliana kwamba Susi na Chuma, kwa kuwa ndio wazoefu wa safari na taabu, wawe wakubwa wao. Hapo twaona jambo la kwanza kuhusu mkubwa wa kati: cheo chake cha kweli hakikutoka kwa karatasi, bali kwa macho ya wenzake waliomwona akifanya kazi miaka mingi. Wale wawili wakaamuru vitu vyote vya marehemu vihesabiwe na kuandikwa mbele ya watu, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba kitu kimeibiwa. Kuandika kulifanywa na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule ya misheni huko India. Moyo wa Livingstone ukazikwa chini ya mti, mwili ukakaushwa, nao wakaubeba. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wamepungua kwa magonjwa na vita, lakini mzigo wao mkononi.

Habari hizi huhubiriwa mara nyingi kama habari za upendo na uaminifu, na ndivyo zilivyo. Lakini sisi walimu twataka kuongeza kwamba zilikuwa pia habari za kazi. Upendo peke yake haupangi zamu za wapagazi, wala haupimi chakula, wala hauamui kama msafara upite kijijini au uzunguke. Mambo hayo hutaka mtu aliyejifunza.

Tena Chuma alipata kupita katika nchi yetu. Mwaka 1879 Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimtuma Bwana Keith Johnston kutafuta njia toka Dar es Salaam hata Ziwa Nyasa. Chuma akawa mnyapara mkuu wa msafara. Tarehe 28 Juni Johnston akafa Behobeho, karibu na mto Rufiji. Aliyebaki ni kijana Joseph Thomson mwenye umri wa miaka 21, ambaye alikuwa hajapata kukanyaga Afrika kabla ya mwaka ule. Msafara ukaendelea, ukapita Uhehe, ukapita Ubena, ukafika kichwani mwa Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba mwaka ule ule, kisha ukaenda mpaka Tanganyika. Jina lililoandikwa juu ya kitabu ni la Thomson, na hatumnyimi sifa yake. Lakini kijana yule alikuwa na hekima ya kumsikiliza mtu aliyekuwa chini yake kwa cheo na juu yake kwa ujuzi. Na mnyapara yule alikuwa na hekima ya kumwonyesha kijana njia bila kumwaibisha mbele ya wapagazi. Mambo hayo mawili lazima yakutane. Moja likikosekana, msafara hufa porini.

Sasa tuingie vita vya 1914. Tarehe 13 Agosti mwaka huo manowari ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilivuka Ziwa Nyasa ikafika bandari ambayo leo twaiita Liuli. Huko meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa pwani ili itengenezwe. Gwendolen ikapiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Wazee wa ziwani husimulia, na vitabu pia, kwamba alitoka kwa mashua ndogo kwa hasira, kumwuliza rafiki yake Rhoades kama amelewa. Akashikwa, na meli yake ikavunjwa baadhi ya mitambo isiweze kwenda. Watu hucheka wasikiapo kisa hicho. Sisi twaona pia huzuni ndani yake. Habari zilikuwapo duniani siku nyingi, lakini hazikumfikia mtu aliyepaswa kuzijua. Mnyororo wa habari ukikatika pete moja tu, chombo kizima hupotea bila kupigana.

Bahari kuu nayo ilikuwa na msiba wake. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikatokea alfajiri, na kwa muda wa dakika chache Pegasus ikaharibiwa. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Makaburi ya baadhi yao yako hata leo katika kisiwa kidogo cha Chapwani mbele ya mji wa Unguja. Kisha Königsberg, ambayo nayo ilikuwa na mitambo iliyochoka, ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Vyombo vya mitambo yake vikavutwa nchi kavu na watu mamia kwa mamia hata Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa hivyo hivyo. Mwishowe, tarehe 11 Julai, 1915, ikapigwa na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, hata Wajerumani wenyewe wakaizamisha.

Msomaji angedhani kwamba habari ya Königsberg inaishia matopeni. Sivyo. Mizinga yake kumi ikatolewa, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, ikapelekwa katika nchi nzima. Mmoja ulifika Kigoma ukawekwa katika meli Graf von Götzen, ambayo baadaye ilizamishwa, ikaopolewa, ikaitwa Liemba. Mzinga mwingine wasomaji waweza kuuona mpaka leo Mombasa katika Ngome ya Yesu. Na mabaharia waliokuwa hawana meli tena walitembea pamoja na mizinga hiyo katika vumbi na mvua. Kila mzinga ulikuwa na kundi lake, na kila kundi lilihitaji mtu aliyejua chuma kile tangu melini: namna ya kukisafisha, kukipima, kukifungua vipande na kukifunga tena. Afisa angeweza kubadilishwa. Mtu yule wa mzinga hakuweza kubadilishwa kwa urahisi. Hilo ni jambo la pili kuhusu mkubwa wa kati: yeye ndiye kumbukumbu ya chombo. Meli ikizama, ujuzi wake hauzami naye akiwa amewafundisha wengine. Asipofundisha, huzama mara mbili.

Lakini ni nani aliyevuta mizinga hiyo? Walikuwa wapagazi, watu wetu, kwa mamia katika kila mzinga. Na katika vita ile yote wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Hapa ni lazima tuseme habari ya upande wa pili.

Katika jeshi la Wajerumani, Mwafrika aliweza kupanda vyeo hivi: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na mara chache efendi. Majina hayo yalitoka kwa askari wa Sudani na Misri, ambao ndio walioajiriwa kwanza. Vita vilifika hata mlangoni petu. Mwaka 1916, baada ya Tabora kuachwa, majeshi ya Jenerali Wahle yalishuka kusini yakipita Iringa na Lupembe. Na mwezi wa Novemba sehemu moja ya majeshi hayo ilizungukwa Ilembule, si mbali na Mdandu, ikaweka silaha chini, Wajerumani pamoja na askari zaidi ya 200. Kati yao walikuwamo mashaushi waliowaongoza watu wao kwa miguu toka Tabora, kwa taabu kubwa, pasipo kutawanyika. Mtu asiyeona uhodari katika jambo hilo hana macho.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi za nchi hii neno "shaushi" halikuachwa na sifa njema. Lilikumbukwa pamoja na kiboko, na ghala iliyofunguliwa kwa nguvu, na baba aliyefungwa kamba akapelekwa upagazi. Shaushi yule yule aliyekuwa baba kwa askari wake alikuwa simba kwa kijiji. Kwa nini? Kwa sababu alifundishwa kwamba amri hushuka tu, haipandi. Alijua kuwaambia wadogo neno la wakubwa. Hakujua, au hakuruhusiwa, kuwaambia wakubwa neno la wadogo.

Tusihukumu watu wa kale bila kujitazama sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, tulimchagua kiranja wa darasa. Tulimchagua kwa kuwa alikuwa mkubwa wa mwili na sauti yake ilisikika mbali. Tulipotoka darasani kulikuwa kimya kabisa, nasi tukajisifu. Kisha mtoto mmoja mdogo akaacha kuja shule. Majuma mawili yakapita. Tukaenda kwao. Baba yake akatupokea vyema, "Kamwene," tukaitikia, akatupa kigoda, akasema, "Mwalimu, mwanangu haogopi hesabu. Anaogopa saa ile mnapotoka." Tukaona aibu kubwa. Kimya kile tulichokisifu kilikuwa kimya cha fimbo. Kosa halikuwa la kiranja peke yake, lilikuwa letu. Tulimpa mamlaka, hatukumpa mafundisho. Tulimwuliza kila siku, "Nani amepiga kelele?" Hatukumwuliza hata siku moja, "Nani hajaelewa somo?"

Baada ya hapo tulimweleza kijana yule kazi yake upya, wala hatukumwondoa. Akajifunza. Yule mtoto akarudi. Lakini hatukusahau, na ndiyo sababu mambo ya vyeo vya kati hatuyaandiki kama mchezo.

Tuendelee. Kabla ya vita vya pili vya dunia, Mombasa na Unguja na Dar es Salaam yalianzishwa majeshi madogo ya majini ya watu wa kujitolea, nayo wakati wa vita yalilinda bandari na kuondoa mabomu ya baharini. Baada ya vita hivyo yakaunganishwa kuwa Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, makao yake Mombasa, likadumu hata 1962. Maafisa walikuwa karibu wote Wazungu. Mabaharia walikuwa Waafrika. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mamlaka ya juu kuliko yote ambayo kijana Mwafrika angeweza kuyatazamia huko yalikuwa yale ya mkubwa wa mabaharia, yaani mahali pale pale pa tindali wa zamani. Miaka 70 na zaidi ilikuwa imepita, mlango ukawa haujafunguliwa ila kidogo.

Mlango usiofunguliwa siku moja huvunjwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito iliyo karibu na Dar es Salaam, waliasi. Wakawashika maafisa wao Waingereza, wakadai mshahara zaidi na maafisa Waafrika. Kesho yake kikosi cha pili kule Tabora nacho kikafuata. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Kati ya viongozi wa maasi walikuwamo masajini, watu wale wale wa kati. Serikali ikatikisika, maduka mjini yakavunjwa, watu wakafa. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Rais Nyerere, askari wa majini wa Kiingereza waliruka kwa helikopta toka manowari Centaur wakaiteka kambi. Ilikuwa fedheha kwa nchi iliyotoka tu kujitawala kuomba msaada kwa mtawala wake wa jana, na Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuificha.

Je, masajini wale walikuwa na malalamiko ya haki? Ndiyo. Mishahara ilikuwa midogo, na kupandishwa kwa Waafrika kulikuwa polepole mno. Je, njia waliyoishika ilikuwa ya haki? Hapana. Na hapo ndipo ugumu wa mtu wa kati ulipo. Yeye husikia kilio cha chini kuliko mtu yeyote. Akikifukia, anakuwa shaushi wa kiboko. Akikigeuza kuwa bunduki, anabomoa nyumba ambayo watoto wake wamelala ndani. Njia iliyobaki ni nyembamba: kusema kweli juu, tena na tena, kwa heshima na bila kuchoka, na kuwaambia walio chini kwamba imesemwa. Lakini njia hiyo haifai kitu ikiwa walio juu wameziba masikio. Basi lawama ya mwaka 1964 haikuwa ya masajini peke yao. Jeshi ambalo sajini hana mlango wa kupitishia neno limejijengea maasi lenyewe.

Serikali ililivunja jeshi lile. Tarehe 1 Septemba, 1964, likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Mirisho Sarakikya, mmoja wa maafisa Waafrika wachache wa siku zile. Mwaka 1971 likaongezwa jeshi la wanamaji, kwa msaada wa Wachina, makao yake Kigamboni. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski mwaka 1891. Na ngazi ya vyeo vya kati leo twaijua kwa lugha yetu wenyewe: koplo, sajini, sajinitaji, afisa mteule. Juu yake hakuna tena ukuta wa rangi ya ngozi.

Katika kijiji chetu yuko mzee aliyetumika katika wanamaji hao, akarudi kulima mahindi na viazi. Tulimwuliza, "Baba, kazi ya sajini melini ni nini hasa?" Alifikiri kidogo akasema, "Mwanangu, bahari ikichafuka usiku, vijana hawamtazami afisa. Wananitazama mimi. Nikionekana naogopa, wote wamekwisha kuzama. Basi kazi yangu ilikuwa kuogopa peke yangu, baadaye." Akacheka, akaendelea. "Na asubuhi naenda kwa afisa, namwambia, Bwana, amri ya jana ilikuwa mbaya. Namwambia mlango umefungwa, si mbele ya vijana. Vijana hawakujua kamwe kwamba nimesema. Waliona tu kwamba amri ya leo ni nzuri."

Hatukuhitaji kumwuliza zaidi. Mzee yule ameshika katika maneno machache mambo tuliyoyatafuta kwa Susi na Chuma, kwa matindali wa Unguja, na kwa mashaushi wa Ilembule. Wasomaji wetu Wakristo watamkumbuka pia yule akida wa Kapernaumu, aliyejieleza kwamba yeye mwenyewe yu chini ya amri, naye anao askari chini yake. Tena hakuja kuomba kwa ajili ya cheo chake, bali kwa ajili ya mtumishi wake aliyelala mgonjwa nyumbani. Alikuwa mtu wa kati, akautumia mlango wake wa juu kwa faida ya aliye chini.

Nasi tu nani? Wengi wetu hatutakuwa manahodha, wala hatutaona bahari. Lakini karibu kila mmoja wetu yu katikati. Mzee wa kanisa yu kati ya mchungaji na washarika. Balozi wa nyumba kumi yu kati ya serikali na majirani. Kaka mkubwa yu kati ya baba na wadogo zake. Mwalimu yu kati ya wazazi na watoto, na kiranja yu kati ya mwalimu na wenziwe. Kijiji hakiharibiki kwa siku moja kwa kosa la mkubwa mmoja. Huharibika pole pole, neno lisipopanda na amri ikishuka kama jiwe.

Yule mtoto aliyetujibu darasani sasa ndiye kiranja. Yeye si mkubwa wa mwili, na sauti yake haisikiki mbali. Juzi alikuja mezani petu baada ya masomo, akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, wenzangu wanasema hawakuelewa hesabu za leo. Mimi pia sikuelewa." Tukafuta ubao, tukaanza tena.